UZI: Njaa ya saa kumi jioni ndiyo inanimaliza, na nimegundua huanza saa moja asubuhi

JaKondele

Wadau habari za jioni. Uzi ni mrefu, kama uko na chai mkononi kaa chini, na kama hiyo chai iko na vijiko vinne vya sukari basi wewe ndio haswa naongea na wewe.

Mimi niko na kibanda cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, karibu na steji. Nafungua saa moja asubuhi nafunga saa mbili usiku, na katikati hapo nimekalia kiti kimoja cha plastiki. Mwezi wa pili nilipeleka mtoto kliniki, nesi akasema baba naye aketi tumpime, nikacheka, akanifunga ile kitambaa ya mkono ikasoma 148 kwa 96. Niko na miaka 37. Akasema mara moja haitoshi, nirudi siku zingine mbili tofauti nikiwa nimetulia ndio wajue kama ni presha kweli. Nikarudi, zote mbili ziko juu ya 140. Hakunipea dawa saa hiyo, alinipea miezi mitatu nibadilishe chakula na nianze kutembea halafu tuonane tena.

Sasa shida ni mimi nilikuwa najua sili vibaya. Nyumbani kwangu ni ugali, mboga, omena, samaki siku mfuko ukikubali. Pombe sigusi. Nikawa najiuliza hii presha imeingilia wapi kama mwizi. Ndio nikachukua daftari mpya nikasema wiki moja naandika kila kitu inaingia mdomoni, vile naandikanga pesa za wateja, bila kudanganya. Jumatatu peke yake soma hapa: saa kumi na mbili na nusu chai ya maziwa vijiko vitatu na mandazi mbili. Saa nne chai ingine kwa mama wa kibanda, vijiko vitatu, na mandazi moja juu ilikuwa imetoka kwa mafuta saa hiyo hiyo na harufu haikuniuliza. Lanchi hakuna, wateja walikuwa wamejaa. Saa tisa soda ya nusu lita. Saa kumi smoki mbili, zile soseji za kupasuliwa. Saa kumi na moja krispi za 20. Saa kumi na mbili smoki ingine moja. Saa tatu usiku ugali, ile ya kufunika maua ya sahani.

Mnaona? Chakula yenyewe, ile ya kukaa chini na kunawa mikono, ni moja tu na iko saa tatu usiku. Hizo zingine zote ni vitu nilikuwa siziiti chakula.

Soda niligeuza nikasoma nyuma ya chupa. Gramu 10 na kitu za sukari kwa kila mililita 100. Nusu lita inakuja karibu gramu 53, na kijiko cha chai bila mlima ni kama gramu 4, hiyo ni vijiko 13. Ongeza sita za chai, tuko 19 kabla sijahesabu mandazi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida na ukiweza ushuke mpaka 25. Mimi nilikuwa kwa 76. Na nilikuwa mtu wa kusema "sipendi vitu tamu".

Halafu smoki. Nataka niseme ukweli kuhusu smoki juu kuna watu watasema jizuie tu. Kijana wa smoki ako hatua nne kutoka kwa dirisha langu. Akipasua anagonga kisu kwa pembeni ya ile bati, ko ko, kisu inaingia, kachumbari inashindiliwa na kijiko, halafu ile chupa ya nyanya yenye kifuniko imetobolewa na msumari inapita juu mara mbili. Nilikuwa nasikia ko ko na mate yanajaa mdomoni hata kama mteja ako mbele yangu anasoma namba ya simu. Sasa mtu ako na njaa tangu saa nne asubuhi, unamwambia ajizuie na nini?

Ndio nikaanza vibaya. Nikasema kuanzia leo ni matunda tu mpaka jioni. Siku ya tatu saa tisa mchana nikapea mama mmoja 2,000 badala ya 200. Kichwa ilikuwa nyepesi, macho yanaona noti lakini akili haioni. Bahati nzuri ni jirani, alirudisha, lakini aliniuliza kama niko sawa nyumbani.

Basi kitu nilikuja kuelewa ni hii: ile njaa ya saa kumi si ya saa kumi. Ni deni la asubuhi. Mandazi na chai tamu inakupea nguvu ya haraka halafu inaisha, ukiruka lanchi deni inazaa riba, saa kumi unalipa kwa smoki, saa tatu usiku unamalizia kwa ugali. Nikaacha kupigana na saa kumi nikaenda kupigana na saa moja.

Saa hii asubuhi nakula kiazi kitamu ama nduma ya kuchemsha na yai moja ama mawili, chai kijiko kimoja (nilishuka pole pole, nusu kijiko kila wiki, ukikata mara moja utarudi mbio). Mchana nabeba nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) kwa kopo la siagi, lile kubwa, nakula hata kama ni vijiko vitano kati ya wateja. Na ndani ya droo ya pesa kuna kopo dogo la karanga za kukaanga bila chumvi. Smoki sijaacha, nakula Ijumaa, moja, na naifurahia kuliko zile tatu za zamani. Soda imebaki ya sherehe.

Nyinyi mnafanyaje? Haswa wale mnakaa kwa biashara siku nzima.

KijanaWaShabab

Niko Nakuru. Boss umeongea vizuri lakini naona hiyo ni ya watu wameoa. Mimi nakaa bedsita hapa Shabab, natoka kazi saa moja usiku nimechoka kama punda, chipo ziko hapo chini ya ploti, sosi bure. Nikianza kuchemsha nduma saa hiyo na gesi imebaki kidogo na tokeni za stima zimeisha si nitalala njaa. Chakula ya afya ni ya watu wako na wakati.

JaKondele

@KijanaWaShabab omera hapana, mke wangu anatoka kabla yangu, anauza nguo Kibuye. Nachemsha mimi mwenyewe usiku. Sufuria moja: viazi chini, mayai juu pamoja na maganda yao, kwa maji hayo hayo, moto mmoja. Mayai dakika kumi natoa, viazi vinaendelea. Asubuhi sipiki kitu, nachukua tu. Mwanzoni nilikuwa nasahau, nikaanza kuweka sufuria mlangoni ndio nijikwae.

MathaWaFreeArea

@KijanaWaShabab kijana wangu, uko Nakuru unalia chakula ya afya na lori za viazi kutoka Molo zinapita hapo mbele yako? Viazi haina makosa, makosa ni hayo mafuta meusi yamekaanga tangu asubuhi na chumvi ya kumwaga na mkono. Chemsha na maganda, katakata, tia kachumbari na ndimu, weka parachichi. Mimi nilikuwa na kibanda cha chipo miaka sita pale mjini na nakwambia mafuta ya kupima ikianza kutoa povu na kunuka ilikuwa inaongezwa mpya juu, haimwagwi, juu ukimwaga umemwaga faida. Sijivunii. Ndio maana watoto wangu hawanunui chipo za nje, najua ziko na nini.

KijanaWaShabab

Matha sasa umeniharibia hata ya leo, nilikuwa nimeshaagiza 😭

Mzee_wa_Nyando

Hii kizazi mnapenda kujitisha. Babu yangu alikula nyama na mafuta, alikunywa chai na sukari nguru, alikufa na miaka tisini na kitu na meno yake. Mnahesabu gramu kama wauza dhahabu. Kula chakula, acha kuogopa.

MulembeLuanda

@Mzee_wa_Nyando mzee shikamoo, lakini babu alikuwa anatoka Ahero na baiskeli mpaka Kisumu na kurudi, na hiyo nyama ilikuwa ya Krismasi na matanga. Sisi tunapanda boda kutoka kwa geti mpaka dukani. Ukitaka kula kama babu pia lima kama babu.

Sasa mimi nataka nilete ya mboga juu huku Luanda watu wanapita tsisaga na mrenda wakiendea kabichi. Kuna Profesa Mary Abukutsa-Onyango, alifundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa kabla aende kile cha JKUAT, amefanya kazi miaka mingi sana kuonyesha hizi mboga zetu, managu, saga, mrenda, kunde, terere, ziko na madini na vitamini za kushinda hiyo kabichi tunaona ni ya maana. Zamani watu waliziita magugu. Mama yangu bado anaita terere "mboga ya wageni wasiotarajiwa" juu inaota yenyewe.

Lakini pia tuseme ukweli sisi Waluhya tunaua mboga. Inachemshwa, inatiwa magadi, inachemshwa tena, inalala, kesho inachemshwa na maziwa. Tamu sana, sikatai, lakini vitamini C huwa inakufa kwa moto wa muda mrefu, na magadi inaimalizia. Mimi saa hii saga na managu nachemsha kidogo kutoa uchungu halafu natia maziwa mwishoni, mrenda nayo naweka magadi ya ncha ya kijiko tu ndio iteleze. Bibi alilalamika wiki mbili akanyamaza.

Na mapera!! Yanaoza chini ya miti kila kijiji huku, watoto wanapita juu yake wakienda kununua pipi. Pera lina vitamini C mingi kuliko chungwa, na chungwa ndio tunapelekea mgonjwa hospitali.

NesiWaZamuYaUsiku

Nimesoma wakati wa chai, nijaribu kusaidia kidogo.

Kwanza @JaKondele pongezi kwa kurudi kupimwa mara tatu, watu wengi wakisikia 148 wanapotea kabisa ama wananunua dawa ya jirani. Wale tayari mko kwa dawa za presha tafadhali msisome huu uzi mkaacha dawa ati mmeanza nyoyo. Chakula inasaidia dawa, haichukui nafasi yake mpaka daktari aseme.

Chumvi. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai bila mlima, na hiyo ni yote pamoja: ya kupikia, ya juu ya sahani, ya smoki, ya krispi, ya kile kipande cha mchuzi mnavunja kwa supu. Mtu ananiambia "sister sili chumvi" na ametia vipande viwili vya mchuzi kwa sufuria ya sukuma. Hivyo vimejaa chumvi. Smoki na soseji nazo chumvi ndiyo inazihifadhi, huwezi itoa.

Chai. Msikasirike. Chai ikinywewa pamoja na chakula inapunguza vile mwili unachukua madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharagwe. Kwa mama mjamzito na wasichana hii ni kitu kubwa. Kunywa saa moja kabla ama baada. Kwa sahani weka ndimu, chungwa, hilo pera la @MulembeLuanda, hiyo inasaidia chuma iingie.

Omena endeleeni nayo, mnaila na mifupa yake kwa hivyo mnapata kalsiamu. Shida ni vile wengine wanaikaanga mpaka ielee.

Na matunda: ule utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha watu 94 kwa kila 100 nchini hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Kipimo si kikubwa, ndizi moja ni kipimo.

Nyar_Alego

Asante sister, sasa mimi swali langu ni watoto. Wangu wawili walikuwa wanabeba 20 bob ya breki, wananunua ile mandazi baridi na barafu ya rangi, kinywa inarudi nyumbani ni ya bluu. Nikaenda shule kuuliza kama wanaweza kuuzia watoto hata ndizi, nikaambiwa kantini ni ya mtu na ako na mkataba wake. Basi nikanyamaza nikarudi jikoni.

Kitu imefanya kazi ni viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ile mbegu ya Kabode, vina vitamini A na ni vitamu kiasi mtoto anaona ni keki. Nachemsha, nakata vidole, naweka kwa kopo na karanga za kuchemsha. Wiki ya kwanza kopo lilirudi vile lilienda. Wiki ya pili nikawacha wao wenyewe wapange kopo usiku, mkubwa anahesabia mdogo karanga, wanagombana nani amepewa mingi. Sasa linarudi tupu na nimeambiwa na mwalimu kuna biashara inaendelea hapo darasani, kidole kimoja cha kiazi kwa penseli.

Dogo_wa_Muhoroni

Kwani juisi ya miwa mnaionaje? Mimi huwa nakunywa glasi mbili hapo basi paki Kisumu, na ndimu na tangawizi, hiyo si kemikali ni shamba moja kwa moja.

NesiWaZamuYaUsiku

@Dogo_wa_Muhoroni wewe unatoka kwa viwanda vya sukari kabisa na unaniuliza miwa inatengeneza nini 😄 Juisi ya miwa ni sukari kabla haijafika kiwandani. Tafuna muwa wako kwa meno, utachoka kabla umalize fundo mbili tatu. Mashine ikikukamulia unakunywa miwa kadhaa kwa dakika moja. Ni hivyo hivyo na juisi ya machungwa, kula chungwa.

Dogo_wa_Muhoroni

Sawa lakini umeniumiza.

Mama_Posho

Hakuna mtu ametaja unga jamani. Mimi niko na posho mill upande wa Nyalenda. Ile unga nyeupe ya pakiti imetolewa ganda na kiini, vitu vya maana vinaenda kulisha ng'ombe na kuku, wewe unabaki na wanga. Mahindi ya kusaga yenyewe ndio inakaa na mtu. Wateja wangu wengi siku hizi wanaleta gorogoro mbili za mahindi, moja ya mtama na muhogo kidogo mkavu, nawasagia pamoja. Ugali inakuwa nyeusi kidogo, ya kahawia, ukila kipande kama ngumi umeshiba mpaka asubuhi. Kitu moja tu, mahindi yenye ukungu msilete kwangu mkisema ni ya kuku. Hiyo sumu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na kuku mtamla nyinyi.

KijanaWaShabab

@JaKondele nimejaribu ile ya sufuria moja. Mayai mawili yalipasuka maji yakawa meupe. Lakini leo nimefika saa saba bila kufikiria chakula, hii haijawahi nitokea tangu nianze kazi. Swali, ukienda matanga unafanyaje? Wikendi yote hii niko nyumbani kwa mazishi na ni wali, nyama na soda kutoka Alhamisi.

JaKondele

@KijanaWaShabab mayai yaweke wakati maji bado baridi, ukitupa kwa maji yanachemka yanapasuka.

Matanga imenishinda bro, siwezi danganya. Mwezi wa nne tulikuwa na mazishi Seme siku nne, nilikula kila kitu iliwekwa mbele yangu, huwezi kaa kwa boma la watu unauliza kama kuna nduma. Ile najaribu ni kupakua mboga kwanza kabla sahani ijae na kunywa maji nikiwa na kiu, soda nachukua moja nashikilia tu mkononi watu wasinilazimishe ingine. Jumatatu narudi kwa kopo langu. Mke wangu alisema kitu, ati siku nne za matanga si shida kama siku zingine si matanga. Hapo alinimaliza.

Nilisahau kuwaambia nilirudi kliniki wiki iliyopita. 134 kwa 86. Kilo zimetoka 91 mpaka 87. Nesi alisema imeshuka lakini bado hajafunga faili, nirudi baada ya miezi miwili na niendelee kutembea kutoka Kondele mpaka nyumbani Mamboleo jioni. Hiyo ya kutembea nitaandikia uzi wake, mbwa wa pale njiani wananijua kwa jina.

Askari_Usiku

Na sisi wa usiku? Mimi nalinda geti Milimani saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, saa nane usiku ni chai na mkate nusu, la sivyo nalala.

NesiWaZamuYaUsiku

@Askari_Usiku tuko pamoja ndugu yangu. Kula chakula kamili kabla uingie zamu, saa kumi na moja hivi, ugali na maharagwe ama samaki. Saa nane usiku kitu ndogo isiyo tamu, yai, karanga, ndizi. Huo mkate na chai tamu unakuamsha kidogo halafu unakulaza kabisa, jaribu uone. Mimi usiku huwa natafuna simsim kidogo kidogo, mikono ikiwa na kazi macho hayafungi.

JaKondele

Niongeze stori ya mwisho nilale. Leo saa kumi kijana wa smoki amekuja dirishani kutoa pesa. Nilikuwa nafungua droo, akaona kopo. Akaomba karanga kidogo, nikampea, akatafuna amesimama hapo mpaka wateja wake wakaanza kupiga kelele. Akaniuliza nazinunua wapi. Nikamwambia ni kwa yule mama ako kando ya msikiti, anapima na kifuniko cha chupa. Akasema yeye mwenyewe hajakula smoki tangu mwaka jana, amechoka nazo.

Miezi mitatu amekuwa akinigongea hiyo kisu.